Bunduki ya Nyumbani na Bunduki ya Nje

Aprili 2021 niliingiziwa oda ya maneno 1,500 kuhusu shotigani. Mteja alikuwa Marekani, ana tovuti ya kupima vifaa vya wawindaji, na maagizo yake yalikuwa mistari minne tu. Linganisha shotigani zinazotengenezwa Marekani na zile zinazotoka Uturuki na Brazil. Tumia lugha rahisi. Sema ukweli. Halafu mstari wa nne: makala iishe ikionyesha kwamba ya Marekani ndiyo bora. Nikasoma mstari wa tatu, nikasoma wa nne, nikacheka peke yangu hapo Kahawa West.

Bunduki sijawahi kushika. Kazi ya kuandika mtandaoni ndivyo ilivyo, na wanaoifanya wanajua. Nimeandika maneno 2,000 juu ya mashine za kuondoa theluji mlangoni, na theluji nimeiona kwa friji ya jirani pekee. Unachofanya ni kusoma. Unasoma malalamiko ya wanunuzi, vitabu vya maelezo, kesi za mahakamani kama ziko, na kila mtu anayesifu kitu unajiuliza anafaidika vipi. Ukiifanya kwa bidii unaweza kujua mengi kuliko mtu aliyenunua moja na akaipenda.

Wiki hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki Ruiru, kilomita chache kutoka hapo nilipokuwa nimeketi. Gharama ilitajwa kuwa karibu shilingi bilioni 4, na uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Kabla ya saa saba mchana grupu yetu ya WhatsApp ilikuwa imegawanyika mara mbili. Upande mmoja ulikuwa unasema hiyo kitu itapiga ikiangalia nyuma, askari anunue bima kwanza. Upande wa pili ulikuwa umejaza bendera na ngumi, nunua Kenya jenga Kenya, mabeberu watajua hawajui. Nilihesabu watu kumi na tisa waliotoa uamuzi kuhusu ile bunduki. Walioiona walikuwa sifuri, ukiacha ile picha ya Rais akiwa ameishika.

Na mimi hapo na oda yangu ya shotigani. Nikaona ni swali lile lile, tofauti ni kwamba mteja wangu alikuwa analipa kwa jibu.

Nilisoma uhandisi wa mitambo kwa miaka miwili kabla karo haijanishinda. Vitu vingi vya darasani vimepotea lakini asubuhi moja ya karakana imebaki. Fundi aliyekuwa akitusimamia alileta mifuko miwili ya bolti. Mmoja ulitoka kwa duka la vifaa vya nje, kila bolti imepigwa chapa ya 8.8 kichwani, kumaanisha imeahidi kustahimili nguvu fulani. Wa pili ulitoka Kariobangi, bolti hazina chapa yoyote. Alituuliza tubashiri, na darasa zima tukapiga kura kwa zile za nje. Akaweka ya kwanza ya nje kwenye mashine ya kuvuta. Ikakatika mapema, chini ya ile nguvu iliyoandikwa kichwani. Akaweka ya Kariobangi, ikavumilia kuliko ile ya nje. Watu wakapiga makofi, si unajua vile Wakenya tunapenda mtu wa nyumbani akishinda bila kutarajiwa. Yeye hakusema kitu. Akachukua ya pili kutoka mfuko ule ule wa Kariobangi, na hiyo ikakatika kama mwiko wa plastiki. Ndipo akatuuliza, "Mnapima bolti ama mnapima mfuko?"

Ubora wa kitu cha kiwandani, kwa sehemu kubwa, ni hiyo ya pili kufanana na ya kwanza, na ya elfu kumi kufanana na ya pili. Mtu anayesema "ya nje ni nzuri" ama "yetu ni nzuri" hajapima hata mfuko. Amepima duka.

Sasa turudi kwa shotigani. Nilivyozidi kusoma ndivyo hata maana ya nyumbani na ya nje ilivyozidi kuyeyuka. Uturuki kuna mkoa wa Konya, na huko kuna mji mdogo unaitwa Huğlu ambao watu wake wameishi kwa kutengeneza bunduki za kuwindia tangu zamani. Kampuni kadhaa za Marekani huagiza shotigani Uturuki na kuziuza zikiwa na jina la Kimarekani ubavuni. Kwa hiyo kuna mwindaji mahali fulani Texas anayetukana bunduki za Waturuki akiwa ameegemea moja. Na upande mwingine kuna Remington 870, shotigani ya Kimarekani kabisa, inatengenezwa tangu 1950, imeuzwa kwa mamilioni. Miaka ya baadaye wamiliki wake wenyewe walianza kulalamika juu ya kutu na umaliziaji wa kivivu, na kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2018, kisha tena 2020. Jina lilikuwa lile lile na bendera ile ile. Mfuko ndio ulikuwa umebadilika.

Lakini kilichonikamata zaidi ni Brazil. Kuna kampuni ya huko inaitwa Taurus. Kwa miaka mingi sheria za Brazil zilifanya iwe vigumu sana kwa polisi kuagiza nje silaha ambayo ya kufanana nayo inatengenezwa nyumbani. Hoja ilikuwa ile tunayoijua: tulinde kiwanda chetu, ajira zetu, heshima yetu. Polisi wa Brazil wakabeba Taurus watake wasitake. Wakaanza kulalamika kwamba baadhi ya bastola zinafyatuka zikitikiswa au zikianguka. Wakati huo huo bastola za kampuni hiyo zilikuwa zinauzwa Marekani kama bidhaa ya bei nafuu kutoka nje, na huko nako afisa mmoja akaenda mahakamani baada ya yake kuanguka na kufyatuka. Mwaka 2015 kampuni ilikubali suluhu iliyogusa karibu bastola milioni moja, bila kukiri kosa. Polisi wa São Paulo mwishowe walinunua Glock, kutoka Austria.

Fikiria hiyo kidogo. Kampuni ni moja. Ukiwa São Paulo bastola yake ni ya nyumbani, kuikosoa ni usaliti. Ukiwa Marekani ni ya nje, kuikosoa ni rahisi kama kupiga chafya. Pini iliyo ndani haijui imesimama nchi gani. Afisa wa Brazil ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu yule wa Marekani angeweza kwenda duka la pili, na huyu alikuwa amefungiwa kwa jina la uzalendo.

Niliandika hayo yote kwenye makala. Mteja akairudisha. Akasema wasomaji wake hawaji hapo kusikia hivyo. Akalipa nusu, nikalipa tokeni za stima na sehemu ya rent, maisha yakaendelea. Makala nyingine ya mwandishi mwingine iliingia mahali pangu, na nilipoichungulia ilikuwa inasema ya Marekani ndiyo bora, kwa Kiingereza kizuri sana kilichonukia Nairobi.

Mimi nikabaki na swali, na nikaendelea kusoma bila kulipwa, tabia ambayo mamangu anaiita ugonjwa.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Alaska. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, nchi za NATO zilikuwa zinatafuta bunduki mpya za askari. Wabelgiji walikuwa na FAL, iliyobuniwa na Dieudonné Saive katika kiwanda cha FN kule Herstal. Marekani walikuwa na yao, T44, mtoto wa ile bunduki ya Garand waliyopigania vita, kutoka Springfield Armory, kiwanda cha serikali kule Massachusetts. Walipoanza kuzipima, FAL ikapewa jina la T48, na ilifanya vizuri sana katika majaribio ya mwanzo ya watoto wa miguu, kiasi cha kuonekana kama ndiyo itachukuliwa. Fikiria Springfield walivyojisikia. Wao ni kiwanda cha taifa, wametengeneza silaha za jeshi tangu enzi za George Washington, na sasa mgeni kutoka nchi ambayo ukubwa wake haufiki ule wa Kaunti ya Turkana anakuja kuwachukulia kazi.

Msimu wa baridi wa 1953 hadi 1954, bunduki zote mbili zikapelekwa Alaska kupimwa kwenye barafu. Jaribio moja, baridi moja, askari wale wale. Ukiangalia karatasi, haki iko. Kumbe kabla ya safari, wahandisi wa Springfield walikuwa wameziweka T44 zao kwenye vyumba vya baridi kwa wiki kadhaa, wakaona zinakwama wapi, wakarekebisha mfumo wa gesi na magazini, kisha ndipo wakazipeleka. Zile za Kibelgiji zilikwenda bila mazoezi hayo. Zilipofika zikawa nzito, hazina nguvu ya kujirudisha. Watu waliokuwa huko wakajaribu kuzisaidia kwa kupanua tundu la gesi ili zipate nguvu, na nguvu hiyo ikaanza kuvunja vipuri. T44 ikatoka Alaska ikiwa mbele.

Huhitaji kudanganya namba hata moja ili upate matokeo kama hayo. Ndiyo sababu hadithi hii hunirudia kila nikisikia mtu anasema "imepimwa". Imepimwa na nani? Nani aliruhusiwa kufanya mazoezi kabla?

Mwaka 1957 T44 ikachaguliwa ikawa M14. Sababu moja iliyotolewa ni kwamba ingetengenezwa kwa mitambo ile ile ya Garand, kwa hivyo pesa zingeokolewa. Haikuwa hivyo. Uzalishaji ulichelewa na kusumbua, na mwaka 1963 waziri wa ulinzi Robert McNamara akaamua basi. FAL kwa upande wake ilizunguka dunia, zaidi ya nchi 90, Kenya ikiwemo. Sisemi kwamba FAL ingeshinda jaribio la haki. Labda ingeshindwa. M14 ilikuwa nyepesi kidogo, na kuna walengaji shabaha wa Marekani walioipenda miaka mingi baadaye. Nasema tu kwamba jaribio la Alaska halikuwa la haki, na askari wa Marekani ndio waliokwenda Vietnam na matokeo yake.

Ubaguzi wa namna hii una pande zote mbili, na sisi Wakenya tumejaliwa zote. Gari lililotumika miaka saba Japani tunaliamini kuliko kitu chochote kipya. Mtumba wa gredi ya kwanza tunauamini kuliko shati lililoshonwa Kitui. Hapo hapo "ya China" ni tusi, na simu tunayoandikia hilo tusi imetoka China. Na kitu chetu tunakiwekea mzaha mapema ili kisituumize kikishindwa. Nadhani tulijifunza hiyo kwa Nyayo Pioneer, lile gari la mwaka 1990 ambalo halikuwahi kufika sokoni. Kizazi chetu hakikuliona, lakini mzaha tulirithi.

Hata Ruiru haikuanzia sufuri. Eldoret kumekuwa na kiwanda cha risasi tangu miaka ya 1990, na mitambo yake ilitoka Ubelgiji. Wabelgiji wale wale. Sasa risasi iliyotengenezwa na Mkenya, Uasin Gishu, kwa mashine ya Kibelgiji, ikaingia kwenye bunduki iliyobuniwa Ujerumani, hiyo ni ya wapi? Ikikwama utamlaumu nani?

Hapa wengine mnaosoma mnasema: mimi bunduki naijua kutoka upande wa mtutu, ubora wake unanihusu nini? Ni swali la haki. Tarehe 25 Juni 2024 wengi wa rika langu walijua sauti ya risasi halisi ikoje mjini, na kuna waliouawa mbele ya Bunge. Lile ni suala la aliyetoa amri na aliyevuta kidole, na sitaki kulificha nyuma ya chuma. Lakini bunduki mbovu si rehema. Bunduki ambayo mtutu wake umelegea inampata ambaye hakulengwa. Inayofyatuka ikianguka haichagui kati ya mwandamanaji, mama wa njugu na askari mwenyewe. Kama serikali inanunua au inatengeneza kitu hicho kwa pesa zangu, nina haki ya kujua kinafanya nini kikianguka sakafuni, kabla ya kuambiwa niimbe wimbo wa taifa.

Waingereza wana kitu ambacho ningewaibia. London tangu 1637, na Birmingham tangu 1813, kuna nyumba za kuthibitisha bunduki. Huwezi kuuza bunduki kabla haijapelekwa huko au kwenye nyumba ya nje ambayo muhuri wake unatambuliwa, ikapigwa kwa shehena yenye nguvu kuliko ya kawaida, ikakaguliwa, ikagongwa muhuri. Iwe imetoka mtaa wa pili au imetoka Uhispania, shehena ni ile ile. Lakini hata wao hawakuweza kujizuia. Kwa kanuni za 1925, bunduki ya nje ikifaulu ilipigwa muhuri wa kufaulu, na kando yake ikaongezewa maneno ya kusema kwamba haikutengenezwa Uingereza. Yaani umepita mtihani, hongera, lakini tusisahau wewe ni mgeni. Hiyo inanichekesha kila nikiikumbuka. Angalau mtihani ulikuja kwanza na kijembe baadaye.

Ukiuliza bunduki ya Kenya ni gani, ya kwanza kabisa inayonijia si ya Ruiru. Ni zile za msituni, za Mau Mau. Bomba la maji likiwa mtutu, komeo la mlango likiwa kipigio, ukanda wa mpira wa tairi ukiwa springi. Zingine zililipuka mikononi mwa wenyewe. Ukiilinganisha na Lee-Enfield ya mwanajeshi wa Kiingereza, ni takataka. Lakini ilikusudiwa nini? Ilitosha ifanye kazi mara moja, kwa karibu, ili mwenye nayo aondoke na ile Lee-Enfield. Ukipima kitu bila kuuliza kazi yake, utampa fundi wa msituni sifuri na hutaelewa kwa nini serikali ya kikoloni iliogopa bomba la maji.

Nina binamu, ni askari, miaka sita sasa yuko Bonde la Ufa Kaskazini. Ndiye mtu pekee katika familia ambaye kwake haya si mazungumzo. Nilimpigia nikamuuliza bunduki gani ni poa, ya wapi.

"Wee kijana, unauliza kama mtu anachagua simu."

Nikamwambia ni makala naandika. Akasema hata ukimpa mbili za aina moja, zimetoka sanduku moja, atazijua kwa siku mbili, na moja ataiamini na nyingine hapana. Kuhusu nchi hakuwa na maoni yoyote. Alikuwa na maoni mengi kuhusu vumbi. Alikuwa na maoni kuhusu risasi zilizokaa kwenye joto, na kuhusu mtu anayeweka mafuta mengi akidhani anasaidia, kumbe anakusanya mchanga. Na zaidi ya yote alikuwa na maoni kuhusu magazini. Watu husifu bunduki, akasema, na mara nyingi kinachokwama ni magazini: mdomo wake umepinda kidogo, springi imechoka, risasi inapanda vibaya. "Unaweza kuwa na bunduki ya milioni na magazini ya mia mbili. Hiyo ni bunduki ya mia mbili."

Nikamweleza ninachotaka kwa Ruiru. Mtu asiyelipwa na kiwanda wala na wakala wa kuagiza nje aingie ghalani, achague masanduku mwenyewe, si yale yaliyopangwa mbele ya wageni. Azipeleke Lodwar kwenye vumbi na Nyandarua kwenye matope, pamoja na za nje za daraja hilo hilo, nazo zikiwa zimechaguliwa vile vile. Kama moja imefanyiwa mazoezi, zote zifanyiwe. Ziangushwe sakafuni zikiwa na risasi chemba. Wanaohesabu mikwamo wasijue ipi ni ipi, chapa zikiwa zimefunikwa kwa utepe. Halafu matokeo yabandikwe mahali mimi na wewe tunaweza kuyasoma, yakiwa ya aibu ama ya sifa.

Akaniambia mimi nimekaa sana na kompyuta. Lakini hilo la utepe lilimfurahisha, akarudia mara mbili.

Nikamuuliza kama leo akipewa ya Ruiru ataikataa. Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia mtu anamwita, na mbuzi.

"Siwezi kataa, si duka hii. Lakini wanipe na magazini tatu, risasi za kutosha, na nusu siku ya shabaha. Jioni nitakupigia nikwambie."